Fundi wa Macho kwa Macho

Jina lake sitalitaja. Kwanza angeninunia, maana aliamini jina la mtu linaandikwa kwa rangi juu ya ubao, tena na anayejua, si na mwenye steshenari kwa kalamu ya wino. Pili, hapa Mpanda hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi, basi. Mafundi tunao tele, wa saa, wa baiskeli, wa cherehani, lakini ukimwambia mwendesha bajaji akupeleke kwa Fundi bila kuongeza kitu, alikushusha kwenye kibanda cha mabati karibu na stesheni ya reli, ubavuni mwa duka langu.

Neno hilo ndilo alilokuwa nalo. Nyumba mjini hakuwa nayo, alipanga chumba. Shamba la mpunga lilikuwa kwao Mpimbwe na wadogo zake walikuwa wamelizoea bila yeye. Mwanaye wa Tabora alimpigia kila Jumapili baada ya misa, akimsihi aende akaishi naye, apumzike, awe anawafungulia geti. Fundi akikata simu alikuwa na hasira ya siku nzima.

"Huko nitakuwa babu wa getini," aliniambia. "Hapa mimi fundi."

Kwa hiyo haya nitakayosimulia, hata yale ya kuchekesha, yasomeni mkijua kwamba mzee alikuwa anapigania asinyang'anywe neno moja.

Na aliyeanza kumnyang'anya ni mimi. Kwa miaka mingi kila maandishi ya mji huu yalitoka mkononi mwake: majina ya baa, bei za mchele, milango ya magari, misalaba ya makaburini, na lile onyo la ukutani kwa wanaume wasioweza kusubiri choo. Yakaja mabango ya kuchapisha. Mteja anachagua rangi kwenye kompyuta, bango linachapwa mji mwingine, linakuja kwa basi limekunjwa kama mkeka. Wakala wa kwanza wa mabango hayo hapa mtaani nilikuwa mimi. Fundi hakunitukana. Aligeuza kiti chake tu kikatazama upande wa pili, na kwa wiki tatu akawa anausalimia ukuta wa mama ntilie badala yangu.

Ukurasa wa Facebook nilimfungulia kwa sababu dhamiri ilikuwa inaniuma. Siku moja ya mvua, hana kazi, alimchora paka wangu kwenye kipande cha plaiwudi alichookota kwa seremala. Alimchora haraka, mvua haijakatika. Nikapiga picha, nikarusha. Jioni nesi mmoja ambaye hatukumjua akauliza: "Huyo fundi anachora na mbwa?" Nikajibu kabla ya kumuuliza mwenyewe kwamba anachora, tena kwa siku hiyohiyo. Nikaongeza sentensi moja nzuri ya biashara, ambayo baadaye nilitamani kuila: *Fundi hachori mnyama asiyemwona macho kwa macho.*

Wakati ule ilikuwa kweli. Alipanda baiskeli yake, akaenda kwa nesi, akakaa kibarazani kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye isipokuwa ndani ya simu yangu, akamtazama mbwa. Kumtazama kulichukua muda mrefu kuliko kumchora. Kuchora kwenyewe alikupima kwa ugali wa mama ntilie: alianza maji yakichemka, na ugali ukipakuliwa mbwa alikuwa tayari, bado mbichi wa rangi, akinuka thina. Alianza na jicho. "Jicho likikaa," alisema, "yaliyobaki ni manyoya."

Watu hakuwachora. Wapo waliombembeleza awaweke pembeni ya mbwa wao, hata kwa udogo. Alikataa kabisa.

"Binadamu ukimchora alivyo, mnagombana. Ukimchora asivyo, anakupenda, halafu unajichukia mwenyewe. Mbwa hana hayo."

Mbwa hana, lakini mwenye mbwa anayo. Kulikuwa na mkandarasi mmoja wa barabara, mtu wa gari refu na simu mbili, aliyetuandikia kwamba ana mbwa wa kizungu, wa ulinzi, anataka achorwe mkubwa wa kutisha, atundikwe sebuleni. Fundi akaenda. Akarudi na picha ya mbwa mrefu wa kizungu kweli, masikio yamesimama, na mbavu zake zote unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mkandarasi alikuja dukani akiwa ameishika picha kwa vidole viwili.

"Mzee, huyu mbona amekonda hivi?"

"Nilimkuta hivyo."

"Si ungemnenepesha kidogo? Wewe si msanii?"

"Brashi yangu haina unga, mheshimiwa. Unga uko kwako."

Mimi nilijificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Lakini nasikia mbwa yule alianza kupewa dagaa tangu wiki ile, maana wageni wa sebuleni walikuwa na macho. Kwa hiyo siwezi kusema sanaa haina faida.

Kazi nyingine ilikuwa ya vita vya majirani. Mnajua tunavyowapa mbwa majina. Mtu ana ugomvi na jirani, hawezi kumtukana kwa sababu wote wanasali jumuiya moja, basi ananunua mbwa anamwita Mtasema Sana, na kila alfajiri anasimama uani kumwita kwa sauti. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituagizia picha ya mbwa wake wa jina hilo, jina liandikwe chini kwa herufi kubwa, na picha akaitundika kwenye ukuta wa nje, upande ule wa jirani. Hazikupita siku nne jirani naye akatuandikia. Hakuwa na mbwa. Alikuwa na bata. Bata aitwe nani? Hatujali. Naye atundikwe nje.

Nilimwambia Fundi hii ni aibu, tunapalilia ugomvi wa watu. Akanitazama kama nimetukana kanisa. Aliandika majina yote mawili kwa rangi ileile ya dhahabu, kwa vipimo vilevile, ili asilaumiwe kwa upendeleo. Hadi leo Mtasema Sana na Hatujali wanatazamana pale, na mwalimu na jirani yake wamerudi kusalimiana, kwa sababu kila mmoja anaamini amemaliza mjadala.

Alikuwa mgumu wa kukosolewa, na hapo ndipo ninapochoka naye hata kwenye kumbukumbu. Neno "samahani" nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Parokiani alipewa kazi ya kuchora Mwanakondoo nyuma ya altare, naye akamchora kondoo wa kwetu, mwenye mkia mnene wa mafuta unaoburuzika. Katekista akamwambia kondoo wa kwenye vitabu ana mkia mwembamba. Fundi akamuuliza amemwona wapi huyo kondoo. Katekista akasema kitabuni. "Mimi nimemwona kijijini Mamba, mnadani," akasema Fundi, akafunga makopo yake. Mwanakondoo yupo hadi leo, na mkia wake, na wazee wa kanisa wanasema ndiye kondoo pekee wa dini wanayeweza kumkadiria bei.

Ya kijijini Sitalike ilikuwa zaidi. Kijana mmoja muuza chipsi pale alitutumia ujumbe kwamba ana kiboko wake. Nikamjibu kwamba viboko ni wa serikali. Akasema wa serikali ni wale wengine, huyu mmoja anamfahamu, kila siku analala sehemu ileile mtoni karibu na daraja, na akimwita anageuza sikio. Fundi akasema twende. Tulikaa pale saa nzima tukiwatazama viboko wamejazana kwenye maji machache ya kiangazi, na muuza chipsi akiita, na kiboko mmoja, kwa kweli kabisa, akageuza sikio. Fundi akachora. Alichora tope, na juu ya tope masikio mawili, macho mawili na pua.

"Mzee, mwili uko wapi?" akauliza kijana.

"Kwenye maji."

"Mimi nilitaka kiboko mzima!"

"Mwambie atoke."

Picha ile ilipendwa na watu wengi kuliko zote tulizowahi kurusha. Na hapa niseme jambo jingine juu ya Fundi. Simu aliidharau, aliiita "kioo cha wavivu", hakutaka hata kujifunza kufungua ukurasa wake. Lakini kila asubuhi, kabla hajaniuliza nimeamkaje, alinyoosha shingo mlangoni kwangu.

"Wangapi wamependa?"

"Mia mbili na kitu, Fundi."

"Kitu gani? Wahesabu vizuri."

Alichopenda zaidi ni watu kuandika ile sentensi yangu. *Huyu mzee hachori asichokiona.* *Fundi wa macho kwa macho.* Mtu wa Sumbawanga, mtu wa Kaliua, watu ambao hatutakutana nao duniani, wanaandika hivyo, nami ninamsomea, naye anajifanya anasafisha brashi.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa na mimi nimo. Maombi yakazidi. Goti la Fundi likaanza kumsumbua, baiskeli ikawa adhabu, na masika ya mwaka ule barabara za nje ya mji zikawa matope matupu. Siku moja alikuja dukani, akatazama chini, akasema, "Hebu nionyeshe huyo mbwa wa Makanyagio kwenye hiyo simu yako." Nikamwonyesha. Akamchora. Hakuna aliyejua. Wiki ile akachora wanne kwa namna hiyo, mwezi uliofuata wote. Hatukuzungumza. Yeye hakuniomba nifiche, mimi sikumuuliza kama niifute ile sentensi. Niliiacha pale juu ya ukurasa kwa sababu ilikuwa inaleta watu, na kwa sababu nilijua nikiifuta atauliza wangapi wamependa, na nitakosa la kumwambia.

Miongoni mwa wale wa simu alikuwa ng'ombe wa Mwamkulu.

Mwenye ng'ombe ni mama mmoja mjane, Msukuma, aliyekuja huku na marehemu mumewe na mifugo yao kutoka kaskazini. Mifugo iliisha kidogokidogo, kama ugonjwa wa mume ulivyotaka, wakabaki maksai wawili wa kulimia. Mmoja aliitwa Dereva, kwa sababu ndiye aliyejua kugeuka mwisho wa mtaro bila kuambiwa. Mwenzake alimfuata tu. Dereva alikuwa mwekundu, ana soksi nyeupe mguu mmoja wa mbele, na pembe moja imevunjika ncha. Binti wa yule mama alitaka kumfurahisha mamaye, akajipiga picha na Dereva, shavu kwa shavu, akatutumia. Fundi akamwacha binti, akachora ng'ombe. Nikairusha picha ukurasani: *Dereva wa Mwamkulu.* Binti akaja kuichukua na bodaboda.

Miezi ikapita. Kiangazi kinaelekea mwisho, watu wameanza kunoa majembe, Dereva akaibiwa malishoni. Mama akamtafuta siku kumi na mbili, akamkuta kwenye zizi la mchuuzi mmoja wa ng'ombe, tayari kupelekwa mnadani. Hereni ya sikioni haipo, sikio limechanika. Chapa ya mapajani imechomwa juu yake chapa nyingine, haisomeki. Mchuuzi akasema amemnunua kihalali, na ana watu wa kumshuhudia. Mama naye akaleta majirani wa kumshuhudia. Mtendaji wa kata akawasikiliza wote, na wote wakaapa vizuri sana.

Hapo mchuuzi akatoa simu yake. Alikuwa mmoja wa wafuasi wetu. Akafungua ukurasa wa Fundi, akamwonyesha mtendaji picha ya Dereva: soksi nyeupe mguu wa kushoto, pembe iliyovunjika ya kushoto. Ng'ombe wa zizini soksi yake ipo kulia, na pembe ni ya kulia.

"Huo mguu Fundi alikosea," akasema mama. "Niliona tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza, mwanangu alinipa zawadi."

Watu wakamcheka. Fundi akosee? Mchuuzi akasoma kwa sauti ile sentensi yangu, neno kwa neno: Fundi hachori mnyama asiyemwona macho kwa macho. Mtendaji akaahirisha shauri mpaka kesho yake saa nne, akaagiza Fundi aitwe.

Ujumbe ulitufikia mchana. Nilianza kupekua simu kutafuta picha aliyotuma binti. Nikaipata. Ng'ombe yule yule, soksi kushoto. Nikakata tamaa. Halafu nikaona fulana ya binti. Ilikuwa fulana ya kamati ya harusi ya shangazi yake, imeandikwa kifuani, na maandishi yalikuwa yanatazama nyuma, yamepinduka yote kama unayasoma kwenye kioo. Ile simu yake, ukijipiga mwenyewe, inageuza kila kitu. Kulia kunakuwa kushoto.

Nikaruka mpaka kibandani, nikamwekea simu mbele ya macho. Fundi, mtu aliyeandika herufi maisha yake yote, aliyekuwa akiandika kinyume kwa ndani ya vioo vya maduka ili zisomeke nje, aliitazama ile fulana muda mrefu.

"Siku ile sikuiangalia fulana," akasema. "Nilikuwa na watatu wengine wa kumaliza."

"Basi ni rahisi. Kesho tunawaonyesha."

"Wataniuliza kama nilimwona ng'ombe."

Hilo nilikuwa nimelijua tangu nilipoiona fulana, nikawa natarajia yeye hatalijua. Akisema alimwona, basi mguu ni wa kushoto na ng'ombe si wa mama. Akisema hakumwona, Fundi amekwisha. Nikamwambia, na ninaona haya kuandika hivi, kwamba anaweza kusema alimwona lakini akajisahau, uzee, watu wataelewa. Alianza kufunika makopo ya rangi, moja moja, ingawa bado jua lilikuwa juu.

Kesho yake uwanja wa ofisi ya kata ulijaa. Watu wa mnada walikuja, wenye mbwa wetu walikuja, hata mkandarasi alisimamisha gari lake. Dereva alifungwa kwenye nguzo ya bendera, anatafuna. Mama wa Mwamkulu alikaa chini, miguu ameinyoosha, kitenge mabegani. Alikuwa na ekari za kulima, mvua iko njiani, na upande wa pili wa nira hana wa kumfunga. Hakumtazama Fundi.

Mtendaji akamuuliza Fundi jina, kazi, akamwonyesha picha.

"Hii umeichora wewe?"

"Nimechora mimi."

"Ng'ombe uliyemchora, ulimwona macho kwa macho, kama mnavyotangaza?"

Nyuma yangu mtu akasema kwa kujiamini kabisa, "Fundi huyo, atakuwa alimwona."

"Sikumwona," akasema Fundi.

Minong'ono ikaanza. Mtendaji akainua mkono.

"Sema tena, mzee."

"Sikwenda Mwamkulu. Goti liliniuma na njia ilikuwa tope. Nilimchora kwenye simu ya huyu mama wa steshenari. Na simu ilikuwa imemgeuza."

Kisha akaeleza habari ya fulana. Hawakuelewa mara moja, mpaka mtendaji, ambaye si mjinga, alipochukua simu yangu akaisogeza mbele ya kioo cha pembeni cha bodaboda iliyoegeshwa pale. Watu wakasukumana kuchungulia. Kwenye kioo maandishi ya harusi yalisimama sawasawa, yakasomeka, na soksi nyeupe ya Dereva ikahamia kulia, na pembe yake pia. Mtu mmoja akageuka kumtazama ng'ombe wa nguzoni, akarudi kwenye kioo, akapiga mluzi. Mchuuzi alikuwa ameanza kutafuta njia ya kutokea kati ya watu, mgambo wakamwomba abaki kidogo.

Ilitosha. Mama alikuwa ameshapata ng'ombe wake. Mtendaji alikuwa ameshafunga daftari. Nilimshika Fundi mkono tuondoke, naye akautoa mkono wangu, akawageukia watu.

"Na si huyu tu," akasema. "Tangu masika, wote nimewachora kwenye simu. Mbwa wa Makanyagio, wale wa Kashaulili, paka wa daktari. Wote. Samahanini."

Nani alimuuliza? Nauliza hadi leo, nani alimuuliza? Shauri limekwisha, ng'ombe amepatikana, mzee anasimama kujivua nguo mbele ya mji mzima kwa hiari yake. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema moja nikaacha mengine," akasema, "si nimechora nusu?"

Mji haukumwonea huruma. Kwenye ukurasa wakaandika *Fundi wa kioo*, *Fundi macho kwa simu*, na yule wa Kaliua aliyekuwa akitusifu kila siku akaandika kwamba yeye alishuku tangu mwanzo. Daktari alirudisha paka. Mkandarasi alitangaza kwamba sasa imethibitika hata mbavu za mbwa wake zilikuwa za kubuni, ingawa yule ndiye mbwa aliyetazamwa kwa kweli, saa nzima, kibarazani. Watu walioishi na wanyama wao miaka yote, wakazitundika picha zile ukutani bila kuona kasoro, sasa walizisimamia na rula wakizipima masikio. Maombi yakakatika. Fundi aliketi kibandani, na mwanaye wa Tabora alipopiga simu Jumapili, kwa mara ya kwanza nilisikia akimwambia, "Haya, baba. Nakuja."

Siku ya safari nilifika mapema kumsaidia kufunga. Hakukuwa na kingi: makopo, brashi kwenye kopo la maziwa, vipande vichache vya plaiwudi. Tikiti ya basi ilikuwa mfukoni mwa shati. Alinipa ngazi yake, akasema itanifaa kwa mabango. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nilimwambia samahani, kwa mabango, kwa ile sentensi, kwa ushauri wangu wa siku ile. Akasema ngazi ina mguu mmoja mbovu, niwe mwangalifu.

Kelele zilianzia upande wa soko. Honi za bajaji, watu wanazomea, wanacheka. Tukatoka nje. Katikati ya barabara ya stesheni alikuwa anakuja mama wa Mwamkulu, pekupeku, miguu yenye vumbi mpaka magotini, kamba mkononi, na nyuma ya kamba Dereva, anatembea taratibu kama mwenye mji, foleni nzima ya bajaji nyuma yake. Walikuwa wametoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mama alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya duka langu, akajifuta jasho kwa upande wa kitenge.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mayu," akasema Fundi, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Kuna shida gani tena?"

"Hakuna shida. Tumemaliza kulima jana." Akaonyesha ng'ombe kwa kidevu. "Nimesikia unaondoka. Ile picha ya nyumbani mguu si wake. Wewe goti linauma, basi nimemleta. Mchore."

Fundi alitazama mabegi yake. Akamtazama mama.

"Watu hawataki tena picha zangu, mama."

"Mimi nimetembea tangu saa kumi," akasema mama. "Mimi si watu?"

Nilifungua begi la makopo mimi mwenyewe, maana niliona mikono yake haitafungua. Nikamwekea kiti, nikamwekea plaiwudi kubwa kuliko zote. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wengine simu juu wanarekodi. Fundi hakuketi. Alimzunguka Dereva mara ya kwanza, akamzunguka mara ya pili kwa upande mwingine, akasimama mbele yake. Basi la Tabora likapiga honi stendi. Mama ntilie akapakua ugali, akala na wateja wake, akaosha sufuria. Brashi bado kavu.

Mimi, kwa haraka zangu za biashara, nikashindwa kuvumilia.

"Fundi, vipi? Huchori?"

Hakugeuka.

"Ngoja," akasema. "Bado namwangalia."